Sura ya Tisa: Majina Yaliyong'olewa

"Pengine nilizima mimi, madam," Muasya alisema.

Tryphena Mghoi aliweka kalamu chini. Alikuwa ametumikia polisi nusu ya maisha yake kabla ya kuwarudishia sare yao na kufungua ofisi ndogo ya upelelezi juu ya duka la mabati pale Voi, na kwa miaka hiyo yote alizoea majibu mawili tu. Mwenye hatia husema hakufanya. Asiye na hatia naye husema hakufanya. Huyu aliyeketi mbele yake rumande, aliyekonda mpaka shati likaonekana la kuazima, alikuwa ameanza kuleta jibu la tatu, na Tryphena aliliogopa.

"Juzi uliniambia hukugusa swichi."

"Nilikwambia. Lakini kampuni imeandika ripoti. Mashine yenyewe imesema ni swichi ya mkono, na ufunguo wa sanduku la swichi ni mimi peke yangu nilikuwa nao. Sasa mashine itanisingizia kwa nini? Hatujawahi kukosana nayo."

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa macho. Nilikuwa nimewasha redio." Akasugua macho kwa viganja. "Ama nililala kidogo. Sijui tena, madam. Kitu ukiambiwa kila siku, mwishowe unakikumbuka."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na kila mtu kijijini Maungu alikijua. Uzio wa umeme ulitenga ranchi na mashamba ya wanakijiji ili ndovu wasivuke, na Muasya ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Usiku mmoja umeme ulikatika kimyakimya, ndovu wakavuka, na Mzee Thadeus Mwadime, aliyetoka nje kufukuza alichodhani ni ng'ombe wa jirani, akakanyagwa katikati ya mahindi yake mwenyewe. Hakubeba hata tochi, kwa sababu aliuamini uzio. Kulipokucha watu walitafuta wa kulaumiwa, na mwenye ufunguo hakuwa mbali. Muasya akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia.

Watu walikumbuka pia, ghafla, kwamba Muasya na marehemu waliwahi kugombana juu ya mbuzi. Tryphena alikuwa amepoteza siku nzima akiwafuata mbuzi hao. Aligundua kwamba wawili hao walipatana, na mbuzi mmoja wakamla pamoja Krismasi. Hilo hakuna aliyelikumbuka ghafla.

"Wakili wa kupangiwa ameniambia nikikubali kosa nitafungwa kidogo nirudi kwa watoto," Muasya aliendelea. "Nikikataa, tutazeekea hapa."

"Huyo wakili amekaa na wewe mara ngapi?"

"Mara moja. Alikuwa na haraka."

"Nisikilize vizuri. Alhamisi kesi inatajwa tu. Unasimama, unanyamaza, unarudi. Usikubali kitu mpaka nikuletee habari. Tumeelewana?"

"Sawa, madam."

Alisema "sawa" kama mgonjwa anayemkubalia daktari dawa ambayo hana nia ya kuimeza. Nje, mkewe Katunge alikuwa amesimama kando ya ukuta na bakuli la githeri ya mahindi na maharagwe lililofungwa kwa kitambaa. Ndiye aliyemwendea Tryphena, akapanda zile ngazi za duka la mabati na kumwambia kwamba mume wake ni mtu wa kuangalia kufuli mara mbili, hawezi kuacha swichi. Sasa hakuuliza chochote. Alimtazama Tryphena usoni, akapata jibu lake, akainamisha kichwa.

*

Kampuni ya Kinga Fensi, iliyoufunga uzio ule, ilikuwa na ofisi yenye vioo na kiyoyozi, na meneja wake, Nicholas, alikuwa na tabasamu la kulingana navyo.

"Madam, sisi tuko wazi kabisa," alisema kabla hajaulizwa. "Korti imepata ripoti, imepata mafaili ya mashine, imepata simboli. Kampuni gani nyingine ingetoa simboli zake?"

Tryphena hakujua simboli ni mdudu gani. Hakumwonyesha hivyo. Alilichukua neno lile akaliweka akiba.

"Nani aliandika programu ya kuendesha uzio?"

"Wataalamu."

"Wa wapi?"

"Wataalamu wetu."

"Wana majina?"

Tabasamu likasogea kidogo. "Ni mambo ya ndani ya kampuni."

"Tangu mfunge uzio, hiyo programu mmeibadilisha?"

"Hata siku moja. Toleo ni lile lile. Nimeweka sahihi kwenye ripoti."

"Na betri?"

"Betri?" Nicholas alionekana kufurahi kwamba wameingia kwenye uwanja wake. "Hatujabadilisha hata moja, na bado ziko kwenye dhamana. Uliza washindani wetu kama wanaweza kusema hivyo, na hili joto la Maungu."

Tryphena alikumbuka betri ya gari lake, iliyokufa kabla hajamaliza kuizoea, na ya jirani yake, na ya zahanati ya kanisa lao. Joto la nchi hiyo halikuwa na upendeleo. Alishukuru kwa chai ambayo hakuwa amepewa, akaondoka.

*

Mwanaesha alikuwa mwalimu wa kompyuta kwenye chuo kimoja mjini, na mchana, baada ya vipindi, alitengeneza mashine za watu katika kibanda chake cha nyuma ya soko. Alitoka kwenye familia ya zamani ya Waislamu wa Voi, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinanukia pwani. Tryphena alimpa flashi ambayo upande wa mashtaka uliukabidhi upande wa utetezi, na ambayo wakili wa Muasya hakuwa ameifungua.

"Kwanza niambie simboli ni nini," Tryphena alisema.

"Keti, Bi Tryphena. Mtu akiandika programu, kila kipande hukipa jina, ili yeye na wenziwe wajue hiki chafanya nini. Mashine haina haja na majina. Yenyewe yafuata namba. Basi kabla ya kuipeleka kazini majina hung'olewa, ipungue uzito. Majina hayo ndiyo simboli."

"Hutupwa?"

"La. Huwekwa kando, kwenye faili yake. Siku programu ikifa ghafla, huacha namba za mahali ilipokuwa ikikata roho. Ukizitia simboli, namba hugeuka majina, ukajua ilikuwa ikifanya nini. Ukikosa simboli, waambulia haya."

Aligeuza kioo cha kompyuta. Kilijaa namba na herufi zisizo na kichwa wala miguu, zilizoachwa na programu ya uzio ilipokufa usiku ule.

"Na kampuni imetoa simboli."

"Imetoa. Nazitia sasa, utazame."

Namba zikatoweka. Mahali pake, juu kabisa, yakasimama maneno matatu yaliyounganishwa kwa vistari: swichi_ya_mkono.

Tryphena aliyasoma mara mbili. Kwa hiyo Muasya alisema kweli, alizima mwenyewe akasahau, na Katunge alipanda zile ngazi bure. Alifikiria namna ya kumwambia. Kisha akaona Mwanaesha hajaondoa macho kwenye kioo.

"Ngoja kidogo," Mwanaesha alisema. "Hapa pana jambo siliafiki."

Aliandika amri, akatazama, akaandika tena. "Kila programu ikijengwa hupigwa muhuri, na simboli zilizozaliwa nayo siku hiyo hupigwa muhuri uo huo. Programu iliyokufa ina muhuri huu. Simboli za kampuni zina huu."

Hata Tryphena aliona kwamba mihuri hiyo haikufanana.

"Maana yake?"

"Maana yake hizi ni simboli za toleo jingine, la zamani. Ukizilazimisha, kila namba itapata jina, lakini jina la jirani. Mwenye kuziandikia ripoti ama hakuangalia muhuri, ama aliangalia."

Tryphena alisimama. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Mtu alikuwa analala sakafuni kwa sababu ya jina la jirani, na jina hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi nzuri yenye nembo. Tena Nicholas alikuwa ameapa kwamba toleo ni moja. Mihuri miwili ilisema ni mawili.

"Zile za kweli ziko wapi?"

"Ukiwauliza watasema zimepotea."

"Siwaulizi."

Mwanaesha alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mashine ile yatumia mfumo endeshi wa bure, huu huu ninaowafundisha vijana. Waliouunda wana ghala lao mtandaoni. Wameweka humo simboli za kila kitu walichokijenga, ili mtumiaji yeyote akipatwa na hitilafu azichukue mwenyewe, asimpigie mtu magoti. Huulizwi jina wala cheo. Waonyesha muhuri, wapewa."

"Lakini programu ya uzio ni ya kampuni, si yao."

"Kweli. Ila watu hao wana karakana pia, nayo ni ya bure, aijengea programu yake kila atakaye. Na kanuni ya karakana ni moja: kinachojengwa humo, simboli zake zaingia ghalani zenyewe, hadharani. Imeandikwa kwenye masharti."

"Nani husoma masharti?"

"Mwenye kupenda vya bure hasomi."

Aliunakili muhuri wa programu iliyokufa, akaupeleka ghalani. Mteja alichungulia akiuliza bei ya chaja, akajibiwa bila kutazamwa, akaenda. Mstari mdogo ulikuwa ukitambaa kwenye kioo. Ulipofika mwisho, faili lilikuwa limeshuka, na Mwanaesha akalinganisha mihuri mara mbili kabla ya kusema "ndiyo" kwa sauti ndogo.

Alizitia simboli. Safari hii majina yalikuwa mengine, yakifuatana kutoka chini kwenda juu: pima_betri, nimeagizwa_nizime, nyamazisha_ujumbe.

Tryphena alisogeza kiti karibu na kioo.

"Nisomee kama mtu asiyejua," alisema.

"Ilipima betri, ikaiona imeshuka. Ikazima uzio. Ikaenda kuunyamazisha ujumbe wa simu ambao ungemwamsha mlinzi, na hapo hapo ikafa. Lau isingekufa ingeuwasha uzio tena alfajiri, wala mtu asingejua. Na huenda ilikuwa ikifanya hivyo kila usiku."

"Betri zisife kabla ya dhamana kuisha," Tryphena alisema. "Hata moja."

Alimwona tena akilini Nicholas akijisifu na hajui anajishika mwenyewe. Lakini jina lile la katikati ndilo lililomkera. Mtu anayeficha uovu huupa jina zuri. Huyu alikuwa ameuita kwa jina lake, kisha akaongeza kwamba si wazo lake.

"Yaonyesha nani aliandika?"

Mwanaesha alishusha kioo polepole. Chini ya majina palikuwa na njia ya folda ambamo programu iliandikwa, na ndani yake jina la mtu. Alilisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio ingawa haikuwa na vumbi.

"Lynn," alisema. "Kinga Fensi walimwajiri Lynn mmoja tu, na huyo nilimfundisha mimi. Alikuwa bora kuliko wote. Niliambiwa ameacha kazi, yuko kwa mamake Njukini, upande wa Taveta."

*

Alhamisi asubuhi Katunge alikwenda kortini na Tryphena akashika njia ya Taveta. Alijiambia kesi inatajwa tu. Katika begi alikuwa na majina yale yamechapishwa, na kiapo cha Mwanaesha kuhusu mihuri. Kilichobaki ni mtu wa kusimama na kusema nani alimwagiza, kwa sababu bila mtu huyo, Nicholas angesema ni mchezo wa msichana aliyeacha kazi kwa hasira.

Alimkuta Lynn kwenye stoo ya mamake karibu na soko, ameketi kwenye kigoda, akipeta maharagwe. Alikuwa binti mrefu wa miaka ya ishirini, na vidole vyake vilikuwa vyepesi.

"Shikamoo, anti," alisema alipoona mtu mzima mlangoni.

"Marahaba. Naitwa Tryphena Mghoi, ni mpelelezi. Ninamfanyia kazi Katunge, mke wa Muasya."

Ungo ulisimama. Tryphena akaitandaza karatasi juu ya gunia. Lynn aliitazama bila kuigusa.

"Hii umeipata wapi? Tuliyang'oa."

"Karakana mliyojengea huweka simboli za kila kitu ghalani. Mtu yeyote anachukua."

Lynn alicheka kicheko kibaya. "Nilimwambia Nicholas tununue mashine yetu ya kujengea. Akasema ya bure inatosha."

"Ndiye alikuagiza?"

Mama mmoja alipita nje akisalimia, na Lynn akamjibu vizuri kabisa, kwa sauti ya mtu asiye na jambo. Kisha akarudisha macho kwenye karatasi.

"Betri zilikuwa zinakufa mapema. Akasema usiku wa manane tuzime masaa kadhaa zipumzike, tuwashe kabla ya alfajiri. Nikamuuliza, na mlinzi akipata meseji kwamba fensi imezima? Akasema tunyamazishe meseji. Nikamwambia ndovu hutembea usiku. Akaniambia nimeajiriwa kuandika programu, sio kuchunga wanyama."

"Ukaandika."

"Nikaandika. Lakini niliweka hilo jina, anti. Ningeweza kuiita kitu chochote. Nilitaka mtu akifungua ajue sikukubali."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

"Ulijua majina yatang'olewa?"

Lynn alimimina maharagwe guniani, yote, yaliyopetwa na yasiyopetwa. "Nilijua."

"Uliposikia Mzee Thadeus amekufa?"

"Nilijua ni sisi. Nilijua hata kabla redio haijamaliza kusema."

"Na ripoti ya swichi ya mkono?"

"Nicholas aliniambia nitumie simboli za zamani. Nilikataa. Akafanya mwenyewe. Siku hiyo nikaacha kazi." Alisema hilo la mwisho akiinua kichwa kidogo, kama mtu anayetoa kitu alichokihifadhi kwa siku ya haja.

Tryphena alimtazama. Alitaka kumhurumia na akashindwa. "Wewe uliacha kazi ukarudi kwa mama. Muasya alienda rumande. Leo hii anasema pengine alizima yeye. Amesikia uongo wenu mpaka ameanza kuukumbuka kama kitu alichokifanya."

Machozi yalimtoka Lynn, naye hakuyafuta. "Jina si liko hapo? Si umelipata? Peleka hilo kortini. Linasema kila kitu."

"Jina haliapishwi, Lynn. Mtu ndiye huapishwa."

"Nicholas atanimaliza. Nilitia sahihi ya kutosema mambo ya kampuni."

"Atajaribu. Na wewe utakuwa umesimama. Muasya hata kusimama ameanza kusahau."

Ilichukua muda. Mama yake Lynn alikuja, akasikia, akaketi juu ya gunia na kumwambia mwanawe kwa Kitaveta maneno machache ambayo Tryphena hakuyaelewa. Lynn aliinamisha uso. Alipouinua alisema, "Nitasema. Nipe nitie sahihi kabla sijaogopa tena."

Tryphena alikuwa akitafuta karatasi safi begini simu ilipolia. Alikuwa Katunge.

"Katunge, nimempata," Tryphena alisema haraka. "Nimempata aliyeandika, na atashuhudia. Mwambie Muasya avumilie kidogo tu."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watu wakitoka mahali, na pumzi za mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

"Madam, amekubali."

"Amekubali nini?"

"Wakili alikuja na karatasi asubuhi wakaongea. Jaji alimuuliza mara mbili kama anaelewa. Akasema anaelewa, yeye ndiye alizima. Kifungo kitasomwa wiki ijayo." Katunge akasogea mbali na kelele. "Mjane wa Mzee Thadeus alikuwa kortini. Muasya alimgeukia akamwomba msamaha. Akamwambia, mama, nilipitiwa. Na yule mama akamsamehe, madam. Mbele ya watu wote. Watu walilia."

Tryphena alijua sheria, alijua mtu anaweza kuomba kuondoa kukiri kwake kabla hukumu haijasomwa, na alijua pia jaji angemtazama vipi mtu aliyeomba msamaha kwa hiari na akasamehewa. Na yeye Tryphena angelazimika kumfuata yule mjane nyumbani na kumnyang'anya kitu pekee kilichompa nafuu.

"Nitakuja moja kwa moja rumande," alisema. "Mwambie haijaisha."

"Nilimwambia, madam. Nilimwambia bado unatafuta." Sauti ya Katunge ilikuwa imechoka na ya upole. "Anasema asante sana, lakini usijisumbue tena. Anasema sasa angalau atapata usingizi."

Simu ikakatika. Lynn na mama yake walikuwa wamesikia kila neno, maana stoo ilikuwa ndogo. Lynn alifungua mdomo kusema kitu, pengine pole, na Tryphena hakuwa tayari kuisikia. Aliweka karatasi tupu juu ya gunia, juu ya yale majina yaliyochapishwa, akamnyooshea kalamu.

"Andika," alisema. "Na safari hii uandike mahali watu wanasoma."